Kujifunza kuandika riwaya ya Kikristo kwa simu: jibu kwa msomaji wa Malindi

Swali:

Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Muyeye, Malindi, na nafundisha shule ya Jumapili kanisani kwetu. Nimeanza kuandika riwaya ya Kikristo kwenye simu na nimefika sura ya nne. Ni kisa cha Kahindi, mgema wa mnazi huko Ganda, anayeokoka na maisha ya nyumbani kwake yakabadilika. Sina kompyuta, na bando nanunua nikipata. Ni wapi mtandaoni naweza kujifunza bila malipo? Je, niandike Kiingereza ili nipate soko? Mchungaji wangu anataka asome kila sura kabla sijaendelea na nyingine, nimkubalie? Tena kuna kampuni ya ng'ambo imesoma sura mbili, imenisifu sana, na inataka dola 900 ili inichapishie. Nimekutumia ukurasa mmoja uone.

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho wa barua yako, kwa hizo dola 900, maana huenda wanakupigia simu hata sasa. Usiwape. Mchapishaji wa kweli hubeba mwenyewe gharama ya kuhariri, kupanga kurasa na kupiga chapa, kisha hukulipa mrabaha vitabu vikiuzwa. Anayekudai wewe kwanza ameshatia faida mfukoni kabla msomaji hata mmoja hajanunua kitabu. Ataona sababu gani ya kuhangaika kukiuza? Wanaowawinda Wakristo huongeza maneno "huduma" na "wito", na mstari wa Biblia chini ya barua, wakijua mtu wa kanisa huona haya kuuliza habari za pesa mbele ya maneno hayo. Wewe uliza.

Kuna tovuti ya bure inayoitwa Writer Beware, iliyoanzishwa mwaka 1998 na waandishi Victoria Strauss na A. C. Crispin, chini ya chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia cha Marekani. Kazi yake ni kuanika ujanja wa wachapishaji, mawakala na mashindano ya uongo. Andika jina la kampuni yako kwenye Google, ongeza maneno "Writer Beware", kisha usome. Usipolikuta jina, usidhani kampuni imetakasika, kwa sababu hao hubadilisha majina kila wanapochafuka. Kumlipa mhariri au mpiga chapa ili utoe kitabu chako mwenyewe ni jambo jingine, wala si dhambi, mradi ujue unanunua kazi gani na haki zote zibaki kwako.

Sasa kujifunza. Ukitafuta mtandaoni habari za riwaya za Kikristo, karibu kila utakachokuta kimetoka Marekani. Huko ni soko zima lenye wachapishaji wake na sheria zake. Chama chake kikubwa ni American Christian Fiction Writers, ambacho kilianza mwaka 2000. Kinatoa tuzo ya Carol kwa vitabu vilivyochapishwa, na kina shindano la Genesis kwa wale ambao bado hawajachapisha. Uanachama ni wa kulipia kwa dola na kazi zao ni za Kiingereza, kwa hivyo kwako wewe naona hakina haraka. Lakini ujue kipo, kwa kuwa mashauri mengi utakayosoma yaliandikwa na watu wanaolilenga soko hilo: hakuna matusi, hakuna mambo ya chumbani, pombe ni kwa shida sana, na shujaa akifika ukurasa wa mwisho awe ametulia na Mungu wake. Wana hata kundi kubwa la riwaya za mapenzi kuhusu Waamishi, wale wakulima wa Pennsylvania na Ohio wanaopanda magari ya farasi. Vitabu hivyo vinawafaa wasomaji wao. Ila ukiyafuata mashauri yale neno kwa neno, mgema wako wa Ganda atageuka mkulima wa Ohio aliyevaa kikoi.

Ndiyo maana nakushauri uchukue ufundi kokote ulipo bora, hata kama mwalimu haandiki riwaya za dini. Wa kwanza kwangu ni Brandon Sanderson, mwandishi wa fantasia anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah. Mihadhara yake ya darasani imewekwa YouTube, yote, bila malipo. Usitishwe na mazimwi na falme za kubuni. Anachoeleza ni namna hadithi yoyote inavyosimama. Husema msuko una mambo matatu: ahadi unayompa msomaji mwanzoni, mwendo unaomwonyesha kwamba tunakaribia, na malipo ya ile ahadi. Video zina uzito, kwa hivyo punguza ubora wa picha hadi mwisho, maana unahitaji sauti tu, au zipakue mahali penye Wi-Fi ya mwenye huruma. Kama hata hilo ni gumu, sikiliza podikasti ya Writing Excuses, ambayo Sanderson alikuwa mmoja wa walioianzisha mwaka 2008. Mwanzoni kila kipindi kilikusudiwa kiwe cha dakika 15 hivi, na sauti peke yake haili bando kama video.

Kwa upande wa Wakristo wenyewe nakutajia wawili tu. Jerry B. Jenkins ameandika riwaya nyingi zilizouzwa sana, na tovuti yake ina makala za bure kuhusu kujihariri bila huruma na kuwazuia wahusika wasiseme kila kitu walicho nacho moyoni. Zisome, kisha ufunge ukurasa kabla hajakufikisha kwenye kozi ya kulipia. Wa pili ni shirika la Media Associates International, lililoanzishwa mwaka 1985 kuwafunza waandishi na wachapishaji Wakristo wa Afrika, Asia na kwingineko. Mkutano wake mkubwa, LittWorld, umewahi kufanyika Kenya. Hawa angalau wanajua kwamba kuna mwandishi asiyeishi Marekani.

Ukikuta orodha za zamani zinazokutuma NaNoWriMo, lile zoezi la kuandika maneno 50,000 mwezi wa Novemba, ziruke. Shirika lake lilitangaza kufunga kazi mwaka 2025.

Tuje kwenye ukurasa wako. Umeandika: "Kahindi alisikia sauti ya mhubiri ikipenya moyoni mwake. Machozi yalimtoka. Alipiga magoti, akatubu dhambi zake zote, na tangu siku hiyo hakugusa tena kotama. Furaha ikajaa nyumbani mwake."

Haya ukiyasema kanisani, watu wataitika "Amina", tena kwa haki, kwa sababu anayetoa ushuhuda amesimama mbele yao. Wanamjua alikuwa nani, na wanamwona leo. Kahindi hayupo mpaka wewe umuumbe. Msomaji hawezi kumwitikia "Amina" kabla hajaona imemgharimu nini, na wewe umeilipa gharama yote kwa sentensi nne.

Hebu fikiri. Mgema hupanda asubuhi na jioni, anakata karara kidogo kwa kotama, kisu chake cha kugemea, ili utomvu uendelee kutiririka. Akiacha siku chache tu, karara inakauka na kazi inaanza upya. Kwa hivyo wiki ile ya wokovu wake ina saa inayokwenda: kila jioni asiyopanda, ana hasara inayoonekana kwa macho. Minazi ni yake au ni ya mwenyewe anayedai kodi? Mkewe ndiye anayeuza pale mangweni, kilabuni mwa mnazi? Nani atalipa karo ya muhula wa pili? Na siku wazee wa ukoo watakapokaa kuzungumzia mahari ya binti yake, wakaulizia mnazi wa kuwekwa mbele yao kama ada ya Wagiriama inavyotaka, Kahindi aliyeokoka ataleta soda? Hapo ndipo riwaya yako ilipo. Furaha haijajaa nyumbani. Mke ameuliza unga uko wapi, na ana haki ya kuuliza.

Rudi sasa kwa Sanderson na ahadi yake. Kama sura ya kwanza ingemwonyesha Kahindi juu ya mnazi, upande mmoja akiliona bati la kanisa na upande mwingine paa la makuti la mangwe la mkewe, msomaji angejua bila kuambiwa kwamba mtu huyu atalazimika kuchagua. Mwendo wake ni kila jioni anayokaa chini akiitazama minazi. Na nakuomba sana, karibu na sura ya sita, mpandishe tena. Apande usiku, kwa aibu, kwa sababu ya mtoto mgonjwa au deni, na pale juu asimpate mhubiri wala malaika. Malipo yatakayokuja baadaye yatakuwa na uzito.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna tovuti ya Marekani itakayokuambia. La kwanza ni kwamba Malindi wamejaa watu wasiogusa pombe ambao hawajaokoka wala hawataki. Jirani yako Mwislamu hanywi mnazi, wala babake hakunywa. Kwa hivyo kuacha kotama peke yake hakumwonyeshi msomaji wa hapa kwamba Kahindi amekuwa Mkristo. Itabidi uonyeshe kitu kingine, kama vile anavyomtendea yule mwenye minazi aliyemdhulumu. Tena huyo jirani Mwislamu muweke hadithini kama jirani, mwenye ucheshi wake na madeni yake. Usimweke akingojea kusilimu kinyumenyume ukurasa wa 200.

La pili ni zito. Tangu mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ya waumini wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, msomaji wa kaunti ya Kilifi hasikii kwa namna ile ile maneno ya mhubiri anayemwambia mtu maskini aache riziki yake amfuate Mungu. Wewe unamwandika mhubiri wa namna hiyo hasa. Huna haja ya kuitaja Shakahola, na usiguse watu halisi wala kesi, kwa sababu kuna familia zinazoomboleza hadi leo. Lakini mhubiri wako lazima aonekane tofauti kwa matendo. Labda ndiye anayemtafutia Kahindi kibarua. Labda anakosea, akamwambia aache siku ile ile, kisha anaona njaa aliyoileta nyumbani kwa watu, na inabidi aitwike. Huyo wa pili mimi ningemsoma mpaka usiku wa manane.

Ili uone jambo hili likifanywa na fundi, soma kabla hujaandika tena. Project Gutenberg, iliyoanzishwa mwaka 1971, ina maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, na faili la maandishi matupu huwa jepesi, kitabu kizima kwa bando la wimbo mmoja au mbili. Tafuta hadithi fupi za Tolstoy za miaka ya 1880, hasa ile ya fundi viatu anayemngoja Kristo amtembelee dirishani kwake. Angalia jinsi siku nzima inavyopita kwa chai, theluji, koti na tofaa, na imani inakaa ndani ya vitu hivyo. Soma pia G. K. Chesterton na padri wake mpelelezi, aliyeanza kutoka kitabuni mwaka 1911. Humo utaona mtu wa dini anayependwa na wasomaji wasioamini chochote.

Ukitaka siku moja kuandika habari za kale, maktaba ya bure ya mtandaoni ya Internet Archive ina kitabu cha mmisionari Krapf cha mwaka 1860, ambamo anaeleza Mombasa na Rabai, na jinsi alivyofiwa na mke na mtoto mwaka 1844, mara tu walipofika. Soma ukijua ni macho ya mmisionari tu yaliyoandika. Kuna pia habari za Fuladoyo, makao ya Wakristo wa Kigiriama na watumwa waliotoroka huko bara yetu, miaka ya 1870 na 1880. Mtu ataiandika riwaya hiyo. Maliza ya Kahindi kwanza.

Kwa Biblia tumia programu ya YouVersion. Ina tafsiri kadhaa za Kiswahili na zipo unazoweza kupakua ukasoma bila mtandao. Hapa kuna ufundi mdogo nisioona watu wakiutumia: mpe kila mhusika Biblia yake. Mzee wa kanisa aongee kwa Kiswahili cha Union Version ya mwaka 1952, na kijana wa kwaya kwa Habari Njema. Msomaji atawatofautisha hata ukificha majina. Ila mistari iwe michache. Ikizidi mmoja katika sura, jiulize kama ni Kahindi anayeukumbuka au ni mwalimu wa shule ya Jumapili.

Simu yako inatosha. Weka kazi kwenye Google Docs, uwashe matumizi ya nje ya mtandao, na kila ukipata bando iache ijihifadhi yenyewe, maana simu huibwa na huanguka baharini. Kibodi ya Gboard inakubali kuandikiwa kwa sauti kwa Kiswahili tangu 2017. Ina makosa yake, na Kigiriama cha nyanya utakirekebisha kwa mkono, lakini kwa mazungumzo ni nzuri: ukiyasema kwa mdomo utasikia mara moja ni sentensi gani hakuna Mmalindi angeitamka.

Wasomaji wa kukukosoa nawapa uzito kuliko tovuti yoyote. Wattpad, iliyoanza Toronto mwaka 2006, itakupa watu wa kuandika "endelea dada", na hilo linatia moyo, lakini halirekebishi kitu. Isitoshe, mashindano na wachapishaji wengi huhesabu kazi iliyowekwa wazi mtandaoni kuwa imeshachapishwa. Afadhali kundi dogo la WhatsApp, watu wanne au watano, asiwemo mama yako wala mchumba. Mmoja awe anaijua kazi ya ugema kwa mikono yake. Mmoja asiwe Mkristo. Tuma kurasa tatu kwa wiki, si sura nzima, na usiwaulize kama wameipenda. Waulize walichoka wapi, na wapi hawakuamini. Wakijibu, usijitetee kundini.

Kuhusu lugha, andika Kiswahili. Watu wako wanaongea Kiswahili na Kigiriama. Ukiwatia Kiingereza utapoteza nusu ya ucheshi wao. Na soko la Kiingereza lina maelfu waliozaliwa nalo. Kwa upande wetu kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree ikiitwa Mabati-Cornell. Imekuwa ikipokea miswada isiyochapishwa, na mshindi wa kwanza wa riwaya amekuwa akipata dola 5,000. Haibagui hadithi yenye imani ndani yake. Inataka hadithi nzuri tu. Fuatilia masharti ya kila mwaka kwenye tovuti yao. Habari za kujiuzia Amazon ziache kwanza, na siku ukizifikiria, anza kwa kutazama orodha ya lugha wanazozikubali kwenye ukurasa wao wa msaada.

Wachapishaji wa Kikristo wako Nairobi: Evangel, Uzima, WordAlive na Paulines. Fungua orodha za vitabu vyao uone ni nani ametoa hadithi na nani hutoa mafundisho tu, ndipo uandike barua. Wachapishaji wa kawaida wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule, na vya shule hupitia idhini ya KICD, taasisi ya mitaala, kwa hivyo usishangae wakikuuliza kama Kahindi anafaa darasani. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika sentensi ya kwanza. Kuisajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ambako hufanywa mtandaoni, kunakupa ushahidi tu pakitokea mzozo. Nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, na hutaihitaji mpaka kitabu kiwe tayari.

Limebaki la mchungaji. Mkatalie kwa heshima kusoma kila sura, maana utaanza kumwandikia yeye, na sura ya tano itakuwa mahubiri ya Jumapili iliyopita. Mwahidi mswada mzima ukikamilika, umwombe aangalie kama umekosea mafundisho au taratibu za kanisa. Huko anajua kuliko wewe na mimi. Akikuambia Kahindi asipande tena sura ya sita, msikilize mpaka mwisho. Kisha muulize, kwa adabu, ni washirika wangapi aliowabatiza ambao hawajawahi kurudi nyuma hata siku moja.